Mafuta ya kukinga jua: maswali tunayoulizwa kaunta kila siku

Nauza dawa hapa Tanga, mwaka wa tisa huu. Zamani aliyeulizia mafuta ya jua alikuwa mgeni anayepita kwenda Pangani, au mzazi wa mtoto mwenye ualbino. Siku hizi wanaulizia wote: wanafunzi wa chuo, mabwana wa bodaboda, mashangazi wenye madoa mashavuni. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu ninayotoa dukani.

Haya ni mafuta kama mafuta mengine, au ni dawa?

Kwetu kila kinachopakwa mwilini ni mafuta. Nazi ni mafuta, mgando ni mafuta, losheni ni mafuta, hata jeli iliyo maji matupu tunaiita mafuta. Neno hilo moja limetuponza. Mtu akishika tyubu ya mafuta ya jua anaitumia kama kopo la mgando: tone kwenye kidole, viganja vinasuguana, uso unang'aa, safari.

Kinachokinga ni vichujio vilivyochanganywa humo. Vingine ni vya madini, yaani oksidi ya zinki na oksidi ya titani. Vingine ni vya kikemikali, kama avobenzoni na oktokrileni. Vyote kazi yake ni kunasa miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, kabla haijazama kwenye ngozi. Ute na mng'ao havihusiki. Mafuta yasiyo na vichujio, hata yawe ya bei ya kukutoa machozi, yanalainisha ngozi na basi.

Mafuta ya nazi je? Bibi zetu walitumia hayo na ngozi zao zilikuwa nzuri.

Bibi zetu walijipaka nazi, wakajitanda kanga, wakaenda shamba alfajiri na kurudi kabla jua halijapanda. Sisi tumerithi chupa ya nazi, kanga na alfajiri tumeviacha. Nazi kama kinga ya jua ni dhaifu mno, na ubuyu, alizeti, mawese na mafuta ya karoti yako kundi hilohilo. Yapake usiku ukitaka, ngozi kavu inayapenda. Liwa nayo naisifu kwa harufu na ubaridi wake, lakini hakuna SPF, yaani kiwango cha kinga ya jua, ndani ya liwa.

Kuna jambo la hatari zaidi ya nazi. Mwaka juzi alinijia mama mmoja na chupa nzuri ya rangi ya dhahabu aliyopewa na mgeni hotelini. Mgeni alikuwa na nia njema, amesikia mama ana mtoto mwenye ualbino. Mtoto alipakwa yale mafuta miezi miwili na masikio yalikuwa yamebabuka. Nikaisoma chupa: mafuta ya kuota jua, SPF 6. Wazungu wengine hujipaka hayo makusudi ili rangi yao ikolee, wapate wekundu wa kahawia. Kwa hiyo ukipewa chupa, tafuta namba kwanza. Chini ya 30, mshukuru aliyekupa na uiweke kando.

Mimi ni mweusi. Jua linanihusu nini?

Linakuhusu kidogo kuliko matangazo ya mitandaoni yanavyodai, na zaidi kuliko unavyodhani.

Melanini, yaani rangi ya asili iliyo kwenye ngozi yako, ni kinga ya kweli. Kipimo kinachonukuliwa sana, cha mwaka 1979, kilikuta ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayolingana na SPF 13 hivi, na nyeupe kama 3. Ndiyo maana saratani ya ngozi inayotokana na jua ni nadra kwa watu weusi, na ndiyo maana mteja mweusi anayetaka kuvuka barabara tu simtishi kwa saratani ili nimuuzie tyubu.

Kinachowasumbua wateja wangu ni madoa. Chunusi inapona, inaacha alama nyeusi, na jua linaipigilia alama ile ikae miezi. Mama mjamzito anatokewa na mabaka mashavuni na kwenye paji la uso, anajifungua, mtoto anaanza kutambaa, mabaka bado yapo. Hapo mafuta ya jua yana kazi kubwa. Unaweza kununua krimu zote za kufuta madoa, lakini kama jua la saa saba linaendelea kukuchoma shavuni, unateka maji kwa pakacha. Kwa mabaka haya namshauri mtu achukue yale yenye rangi ya kahawia ndani yake. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, nayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi nao unakoleza madoa. Mafuta meupe ya kawaida hayauzuii vizuri.

Na kwa kuwa tumetaja saratani: ile inayowapata watu weusi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha haitokani na jua, na hakuna mafuta yatakayoizuia. Ndiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi unyayoni linalokua, au mstari mweusi chini ya kucha unaopanuka, mpelekee daktari. Usije kwangu.

SPF 30, 50, 100: nichukue ipi?

SPF 15 inanasa kama asilimia 93 ya UVB, yaani miale ya urujuanimno inayounguza. SPF 30 inanasa kama 97, na SPF 50 kama 98. Ukiangalia hapo utaona 50 haina nguvu karibu maradufu ya 30 kama bei yake inavyotaka uamini. Kwa mtu mweusi 30 inatosha kabisa. Kwa mwenye ualbino, au mwenye mabaka sugu, chukua 50 kama mfuko unaruhusu, kwa sababu karibu sote tunapaka pungufu na ile ziada inafidia.

Ila SPF inapima UVB peke yake. UVA, inayozama ndani zaidi na kuizeesha ngozi, ina alama zake: herufi UVA ndani ya duara kwa bidhaa za Ulaya, au PA ikifuatiwa na alama za kujumlisha kwa zile za Japani na Korea. Alama za kujumlisha zikiwa nyingi, kinga ni kubwa. Tyubu yenye SPF kubwa isiyotaja UVA popote mimi siipendi.

Nipake kiasi gani, na mara ngapi?

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Ile namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kwa lugha ya jikoni: uso, masikio na shingo vinataka kijiko cha chai kimoja, au nusu yake ukibana sana. Kila mkono kijiko kimoja. Kila mguu kimoja. Kifua na tumbo kimoja, mgongo kimoja. Jumlisha, mwili mzima wa mtu mzima aliyevaa nguo ya kuogelea unakula kama mililita 35 kwa mpako mmoja. Ukipaka nusu ya kiasi hicho hupati kinga iliyoandikwa kwenye tyubu, unapata pungufu sana.

Piga hesabu. Ukiweka nusu kijiko cha chai usoni na shingoni kila asubuhi, hiyo ni mililita 2.5. Tyubu ya mililita 50 itakwisha kwa siku 20. Dada anayeniambia tyubu yake ipo tangu Idi ya mwaka jana, na anashangaa madoa hayaondoki, tayari amejijibu.

Paka dakika 15 hivi kabla ya kutoka, yatulie. Ukikaa nje rudia kila baada ya saa mbili, na papo hapo ukitoka kuogelea au ukijifuta jasho kwa taulo. Maandishi yanayosema yanastahimili maji maana yake ni dakika 40 au 80 majini. Hayamaanishi siku nzima ufukweni Raskazone. Sehemu zinazosahaulika kila mara ni masikio, kisogo, migongo ya miguu kwa wavaaji wa kandambili, na mstari wa kati kichwani kwa waliosuka.

Kama huwezi gharama ya mwili mzima, na wengi hatuwezi, yavae mavazi. Mikono mirefu, suruali au gauni refu, kofia ya pama. Mafuta yabaki ya uso, masikio na migongo ya viganja. Nguo ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana inakinga vizuri kuliko mafuta, na haihitaji kurudiwa kila saa mbili. Ijaribu kwa kuinyanyua mbele ya taa: ukiuona mwanga vizuri, jua nalo linakuona. Fulana nyeupe nyembamba iliyolowa ni kama hujavaa.

Je, yanazuia udhu? Na kwenye swaumu?

Nimemuuliza sheikh wa msikitini kwetu kwa sababu swali hili huja kila Ijumaa. Mafuta yanayonywea ngozini na kuacha utelezi tu hayazuii udhu, maji yanaifikia ngozi. Kinachozuia ni kitu kinachofanya gamba juu ya ngozi maji yasipite. Kama yako ni mazito ya zinki, yanakaa kama chokaa, yaoshe kwanza. Kupaka mwilini hakufunguzi mtu. Mwenye shaka amuulize mwanachuoni wake, mimi ni muuza dawa.

Kwa upande wangu naona udhu unasaidia. Adhuhuri inaingia saa sita na nusu hivi, jua likiwa utosini, alasiri karibu na saa kumi. Ukishaswali adhuhuri, futa uso na upake upya: hiyo ndiyo ratiba ya kurudia ambayo watu hushindwa kuikumbuka.

Mwanangu ana ualbino. Nianzie wapi?

Kwake haya si vipodozi. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, na jua letu la karibu na ikweta linaiharibu tangu utotoni. Saratani ya ngozi inaweza kumpata mtu mwenye ualbino angali kijana, mara nyingi usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Karibu yote huzuilika. Ndiyo maana sikubali kusikia "tutaanza akikua".

Anza na nguo na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kofia ya mchezaji inafunika paji la uso na kuyaacha masikio, na masikio ndiyo yanayoungua mwanzo. Mpangie michezo yake kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Kipimo asichosahau mtoto ni kivuli chake: kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye, anakimbilia chini ya mwembe. Ongea na mwalimu mkuu aruhusu sare ya mikono mirefu na kofia hata kwenye mstari wa asubuhi, na akae mbele darasani, maana ualbino unapunguza pia uwezo wa kuona mbali. Miwani ya jua ina faida.

Kisha mafuta, SPF 30 kwenda juu, kila siku, hata siku ya mawingu, hata akiwa shule ya bweni. Mfundishe kupaka mwenyewe mbele ya kioo akiwa na miaka sita au saba.

Kuhusu kupata bila kununua: tangu mwaka 2012 kuna mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Yanagawiwa bure kupitia kliniki za ngozi, na mtoto anachunguzwa ngozi na mzazi anaelekezwa hapohapo. Uliza hospitali ya mkoa au tawi la Chama cha Watu Wenye Ualbino lililo karibu nawe kliniki itapita lini. Walio Kenya waulizie Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina mpango wa kutoa mafuta ya jua bure.

Kidonda kisichopona kwa mwezi, gamba linalorudi kila likibanduka, au kinyama kinachovuja damu kikiguswa: hospitali. Bugando, KCMC na Ocean Road wanavijua. Vikiwahiwa vingi huondolewa kwa upasuaji mdogo. Usivipake dawa ya fangasi ukangoja.

Na tafadhali, ukija dukani usimwite mtoto zeruzeru mbele yangu. Ana jina lake.

Yananifanya mweupe kama nimemwagiwa unga. Nifanyeje?

Hayo ni ya madini. Yapake kwa matabaka mawili membamba, ukisubiri la kwanza likauke, badala ya moja zito. Au tafuta ya rangi ya kahawia, au ya kikemikali ambayo hayaachi weupe. Zamani nilikuwa naleta aina moja tu na wateja walikuwa wanaipaka kidogo ili isionekane, yaani wanalipia kinga wasiyoipata. Mafuta bora kwako ni yale utakayokubali kuyapaka kwa wingi ukaenda nayo kwenye arusi.

Natumia mkorogo. Naweza kupaka haya juu yake?

Nitakujibu bila kukusimanga. Mkorogo mwingi una haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, vitu ambavyo Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Unapunguza melanini na kuikondesha ngozi, yaani unavua mwavuli uliozaliwa nao na kutoka juani. Mafuta ya jua yatapunguza kuungua. Zebaki inayoingia mwilini kuelekea kwenye figo hayatakuzuilia. Usiache ghafla kama una steroidi ndani, uso unaweza kulipuka kwa vipele. Nenda kliniki ya ngozi ushushwe taratibu, na hicho kikopo kibebe.

Ndimu na manjano usoni kabla ya kutoka?

Manjano fanya, yatakupaka njano tu. Ndimu acha. Maji ya ndimu au limau yakikaa kwenye ngozi kisha jua likayapiga yanaunguza kama maji ya moto, malengelenge kwanza, halafu doa jeusi la wiki nyingi. Nimeona hata wakamuaji wa juisi wa barabarani wenye mabaka ya hivi mikononi. Nawa vizuri kabla ya kutoka nje.

Wanaotumia doksisaiklini, iwe kwa chunusi au kujikinga na malaria safarini, nao wajue ngozi yao itaungua upesi kuliko kawaida. Krimu za retinoidi vilevile.

Nakaa ofisini siku nzima. Dereva je?

Ofisini mbali na dirisha, huna haja ya kupaka kila saa mbili, asubuhi mara moja inatosha. Dereva ni habari nyingine. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia UVB, hivyo huungui, lakini UVA nyingi inapita. Mwaka 2012 jarida la tiba la NEJM lilichapa picha ya dereva wa Marekani aliyeendesha gari la mizigo miaka 28: nusu ya kushoto ya uso, upande wa dirisha, ilikuwa imekunjamana kama ya mtu mwingine mzee zaidi. Kwetu usukani uko kulia, basi ni shavu la kulia na ule mkono unaoning'inizwa nje ya daladala.

Siku ya mawingu? Na baharini?

Mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya miale, joto ndilo linalopungua, na hapo ndipo mtu anapojisahau. Mchanga mweupe na povu la bahari vinairudisha miale kutoka chini, kwa hiyo mwavuli wa ufukweni pekee hautoshi. Wanawake wa mwani wanajua zaidi ya mimi: wakati wa bamvua maji hupwa sana asubuhi kuelekea mchana, wao wameinama saa nzima na jua linawapiga mgongoni na pia kutokea majini. Kwao nguo ndefu na kanga kichwani kwanza. Anayepanda Kilimanjaro ajihadhari maradufu, kwani miale huongezeka kadiri unavyopanda, na theluji ya juu kule inarudisha mingi mno. Midomo nayo ipakwe.

Mtoto mchanga?

Chini ya miezi sita usimpake. Kivuli, nguo nyepesi ndefu, kofia. Baada ya hapo, yale ya madini, yasiyo na manukato.

Sitakosa vitamini D?

Kwa jua la kwetu, na kwa namna tunavyopaka, wasiwasi huo ni mdogo. Anayefunika mwili wote na kushinda ndani ana sababu zaidi ya kupima, apake asipake.

Yananitoa chunusi.

Badilisha umbo lake. Wenye ngozi ya mafuta wachukue jeli au losheni nyepesi iliyoandikwa haizibi vinyweleo, na wanawe uso vizuri usiku. Ikiwa ni muwasho na vipele vidogo vya papo hapo, huenda ni mzio wa kichujio fulani au manukato. Jaribu ya oksidi ya zinki, kwanza nyuma ya sikio kwa siku mbili tatu.

Nitajuaje si feki, au hayajaharibika?

Tangu 2019 vipodozi Tanzania Bara viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na Zanzibar wana ZFDA, wakala wao wa chakula na dawa. Tyubu isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi usiinunue, hasa ile iliyoanikwa juani kwenye meza ya barabarani. Ndiyo, mafuta ya jua yanaharibiwa na jua. Usiyaache kwenye gari wala juu ya bodaboda. Ukigeuza tyubu utaona kichoro cha kikopo kilicho wazi chenye maandishi 12M au 6M: hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Yakijitenga maji na mafuta, yakinuka vibaya au yakiwa na chengachenga, yamekwisha. Yabebe uje nayo nikuonyeshe, na kama tuliyauza sisi kabla ya tarehe yake, tunabadilisha.